Mtoto Anakohoa: Namna ya Kuhesabu Pumzi Zake na Kujua Lini Umkimbize Kituo cha Afya

Mvua zikianza, au baridi ya Juni na Julai ikishika, maswali ya wazazi huwa ni yale yale. "Mwanangu ana mafua siku ya tatu, nimnunulie amoksilini?" "Makamasi yamegeuka kijani, si ina maana yamekuwa makali?" "Amekohoa usiku kucha, hiki si kichomi?" "Dukani wamenipa chupa mbili za dawa ya maji, nimpe zote?"

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayelea mtoto wa chini ya miaka mitano: mama, baba, bibi, shangazi, hata dada wa kazi anayebaki naye mchana. Ukubwa wa kikohozi haukwambii hatari iliyopo. Mtoto anaweza kukohoa mpaka nyumba nzima ikakosa usingizi na bado akawa na mafua ya kawaida. Mwingine hakohoi sana, amelala kimya, na mapafu yake yamejaa. Kinachowatofautisha hao wawili ni pumzi, na pumzi unaweza kuzihesabu mwenyewe ukiwa nyumbani, bila kifaa cha hospitali.

Nadharia ni fupi tu. Vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na antibiotiki (dawa ya kuua bakteria, kama amoksilini) haiui virusi hata ukiitoa chupa nzima. Mafua ya virusi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi chenyewe kinaweza kuchelewa hadi wiki mbili au tatu. Lakini mara nyingine virusi au bakteria, hasa bakteria aitwaye nimokoka, hushuka hadi kwenye mapafu. Vile vifuko vidogo vya hewa hujaa usaha na majimaji, hewa haipiti vizuri, na mwili wa mtoto unafidia kwa kupumua harakaharaka. Hiyo ndiyo nimonia, ambayo wengi tunaiita kichomi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Dawa yake ya kwanza ni ya bei nafuu na ipo mpaka zahanati. Shida kubwa ni kuchelewa.

Andaa hivi kabla mtoto hajaugua

- Simu au saa inayoonyesha sekunde.
- Kadi ya kliniki ya mtoto. Ndiyo yenye tarehe ya kuzaliwa, uzito wa mwisho na chanjo alizopata. Ukienda kituoni bila kadi, mhudumu anaanza kukisia.
- Bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, au kikombe kidogo chenye alama za mililita. Vijiko vya nyumbani havilingani. Kimoja kinabeba mililita 3, kingine 7.
- Chumvi ya mezani, maji yaliyochemshwa yakapoa, na kitambaa laini cha pamba.
- Parasetamoli ya maji ya watoto, ikiwa na boksi lake na maandishi yake.
- Kipimajoto, kama unacho. Usipokuwa nacho, hatua zilizo hapa chini bado zinafanyika.
- Nauli ya dharura, na namba ya dereva wa bodaboda, bajaji au teksi anayepokea simu usiku. Ulizia mapema, ukiwa huna mgonjwa, ni kituo gani cha karibu kinachofunguliwa usiku na kina hewa ya oksijeni. Zahanati nyingi hufungwa jioni. Kuanza kuulizia saa nane za usiku, mtoto akiwa anahema mapajani, kunakula muda ambao mtoto huyo hana.

Hatua ya 1: Tafuta dalili za hatari kwanza

Kabla ya kushika saa, mwangalie mtoto mzima. Ukiona hata moja kati ya hizi, acha kuhesabu, mbebe uondoke:

- Hawezi kunywa au kunyonya kabisa.
- Anatapika kila kitu anachopewa.
- Amepata degedege, sasa hivi au katika ugonjwa huu.
- Amelegea, amezubaa, au haamki vizuri ukimwamsha.
- Akiwa ametulia, hajalia, anatoa sauti ya kukoroma kila anapovuta pumzi.
- Anaguna kila anapotoa pumzi.
- Ulimi, fizi au midomo imekuwa ya bluu au kijivu. Kwa watoto wetu weusi usitazame ngozi ya uso, haitakuonyesha. Fungua mdomo, tazama ulimi na fizi kwenye mwanga mzuri.

Njiani endelea kumnyonyesha kama anaweza. Usimlazimishe kitu mdomoni mtoto aliyelegea au mwenye degedege, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu.

Hatua ya 2: Mtulize

Mtoto aliyetoka kulia, kukimbia au kunyonya kwa nguvu anapumua haraka hata kama ni mzima. Mpakate, mwache atulie kabisa. Wakati mzuri kuliko yote ni akiwa amelala usingizi wa kawaida. Kama pua imeziba, isafishe kwanza (namna ya kufanya iko Hatua ya 7), kisha subiri dakika chache.

Mvue nguo ya juu au ipandishe mpaka uone kifua chote na tumbo. Kuhesabu juu ya sweta na kanga mbili hakuna maana. Mwanga uwe wa kutosha. Tochi ya simu inafaa, ila usimmulike machoni.

Homa kali huongeza pumzi kidogo. Unaweza kumpa parasetamoli na kumhesabu tena baada ya nusu saa, lakini ufanye hivyo huku unajiandaa kwenda. Homa isikupe kisingizio cha kubaki nyumbani.

Hatua ya 3: Hesabu dakika moja nzima

Tazama sehemu moja tu, ama tumbo au chini ya kifua, popote unapoona kunapanda na kushuka vizuri. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Washa saa ya kuhesabia kwenye simu, anza na sifuri, hesabu hadi sekunde 60 ziishe.

Wengi wanahesabu sekunde 15 kisha wanazidisha mara nne. Usifanye hivyo. Watoto wadogo hawapumui kwa mpangilio mmoja: wanakwenda haraka, wanapunguza, wanasita kidogo, wanaendelea. Ukipotea njiani au mtoto akijigeuza, anza upya. Ni vizuri mwingine ashike saa na wewe utazame kifua tu, kwa sababu macho yakihama kwenda kwenye simu unaruka pumzi mbili tatu bila kujua.

Andika namba na saa uliyohesabu. Nyuma ya daftari, kwenye simu, popote. Mhudumu wa afya akikuuliza, "Saa moja jioni alikuwa 44, saa tatu usiku 54" ni jibu linalomsaidia kuliko "alikuwa anahema sana".

Hatua ya 4: Linganisha na umri

Hizi ndizo namba zinazotumiwa na wahudumu wa afya wenyewe:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka.
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi ni haraka.
- Miezi 12 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni haraka.

Angalia tarehe kwenye kadi, usikadirie umri. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja juzi tu akipumua mara 45 ana pumzi za haraka. Wa miezi 10 akipumua mara 45 hana. Kwa kichanga wa chini ya miezi 2, ukipata 60 au zaidi rudia mara ya pili papo hapo. Ikibaki hivyo, ondoka.

Hatua ya 5: Tazama kifua kinavyokwenda

Hapa ndipo wengi wanapopita haraka, nami naomba usimame kidogo. Mtoto akivuta hewa, kifua na tumbo vyote hutakiwa kutanuka kwenda nje. Mtoto ambaye mapafu yamekuwa mazito anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu za mwisho zinapopakana na tumbo, inabonyea ndani huku tumbo likitoka nje.

Mlaze chali au mpakate akiwa amenyooka, si amekunjamana, kwa sababu mtoto aliyejikunja tumboni huonekana amebonyea hata kama hana kitu. Tazama kwa ubavuni. Je, kunabonyea kila anapovuta pumzi? Akiwa ametulia? Kama kunabonyea akilia au akinyonya tu, halafu kunaacha, hiyo siyo dalili tunayoitafuta. Kama ngozi iliyo katikati ya mbavu tu ndiyo inaingia kidogo, hiyo nayo ni tofauti. Tunatafuta ule mstari wa chini wa kifua kuingia ndani wazi, kila pumzi.

Tazama na pua. Matundu ya pua yakitanuka kila anapovuta hewa, anafanya kazi kubwa kuipata.

Hatua ya 6: Amua

*Nenda sasa hivi, usiku au mchana*, kama ana dalili yoyote ya Hatua ya 1, au kifua kinabonyea, au ni kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye pumzi za haraka, anayenyonya kwa shida, mwenye joto la 37.5 au zaidi, au mwili wake umekuwa wa baridi. Vichanga huficha ugonjwa. Badala ya homa, anaweza kupoa tu na kuacha kunyonya.

*Nenda leo*, kama pumzi ni za haraka lakini anakunywa, anacheza kidogo, na kifua hakibonyei. Ni nimonia inayotibika kwa dawa za kumeza, na mara nyingi mtarudi nyumbani siku hiyohiyo.

*Mhudumie nyumbani*, kama pumzi ziko chini ya kiwango cha umri wake, kifua hakibonyei, anakula na kunyonya. Hayo ni mafua au kikohozi cha kawaida. Nenda Hatua ya 7. Homa ikiwepo, kumbuka malaria: katika maeneo yenye malaria mtoto mwenye homa anatakiwa apimwe kwa kipimo cha haraka, hata kama anakohoa. Usimpe dawa ya malaria kwa kukisia.

Wapo watoto wasiosubiri namba zifike kiwango. Mwenye selimundu akianza kukohoa na homa, au akilalamika kifua kinauma, apelekwe mara moja. Vivyo hivyo mtoto mwenye VVU, mwenye utapiamlo mkali, mwenye tatizo la moyo, na mdogo aliyezaliwa njiti. Kwao nimonia hukimbia.

Hatua ya 7: Huduma ya nyumbani kwa mafua

*Pua.* Kichanga anapumua kwa pua. Ikiziba hawezi kunyonya. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi ya maji (mililita 250 hivi) yaliyochemshwa na kupoa. Tia matone mawili matatu kila tundu kabla ya kumnyonyesha na kabla ya kulala. Subiri kidogo, kisha sokota ncha ya kitambaa laini, iloweke kwenye maji hayohayo, utoe makamasi. Tengeneza maji mapya kila siku. Kunyonya makamasi ya mtoto kwa mdomo, kama wazazi wetu walivyofanya, kunakupa wewe ugonjwa wake na kumpa yeye vijidudu vya mdomo wako.

*Maziwa na chakula.* Wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, mara nyingi zaidi, kidogokidogo. Mkubwa mpe vinywaji vya vuguvugu, uji, supu, mtori, chochote anachokipenda. Hamu ikipungua usigombane naye. Mpe kidogo kila baada ya muda mfupi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, maana kikohozi kinakula uzito na kadi itaonyesha.

*Homa.* Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika kila mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anapata mililita 5. Soma chupa yako, kwani zipo zenye nguvu tofauti. Chini ya miezi 2 usimpe kabla hajaonwa kituoni. Mvalishe nguo nyepesi. Kumfunika blanketi ili "atoe homa kwa jasho" kunapandisha joto. Aspirini usimpe mtoto kamwe.

*Koo.* Aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kupewa nusu kijiko cha chai cha asali, au chai nyepesi ya tangawizi na limau. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazolemaza misuli ya kichanga, ikiwemo ya kupumulia.

*Moshi.* Mtoe mtoto jikoni. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Najua si kila nyumba inaweza kuhamia gesi kesho. Lakini jiko la mkaa linaweza kuwashiwa nje, mtoto anaweza kukaa upande wa pili wa uwanja wakati maharage yanachemka, na mvutaji sigara anaweza kuvutia mbali na nyumba. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba mlicholala, hata kama ni baridi ya Njombe au Limuru. Hewa yake inaua bila harufu.

Hatua ya 8: Rudia

Nimonia mara nyingi huanza kama mafua ya kawaida. Hesabu tena asubuhi na jioni, na usiku mara moja ukiamka kumnyonyesha. Kinachotisha zaidi ni mtoto aliyekuwa anapata nafuu, halafu siku ya nne au ya tano homa ikarudi upya na pumzi zikapanda. Huyo ana kitu kipya, mpeleke.

Hatua ya 9: Ukiandikiwa antibiotiki

Kwa nimonia isiyo kali, mara nyingi watoto hupewa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka. Yeyusha kidonge kwenye kijiko cha maji safi au maziwa uliyoyakamua, mpe chote. Hupewa asubuhi na jioni, mara nyingi kwa siku 5. Muulize mhudumu: vidonge vingapi kwa mara moja, siku ngapi, nirudi lini. Mwombe akuangalie ukimpa dozi ya kwanza palepale.

Ukipewa chupa ya unga wa kuchanganya, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka kwenye alama, tikisa, na utikise tena kila unapompa. Chupa nyingi zikishachanganywa ni za siku 7, soma maandishi. Kinachobaki kimwagwe, kisiwekwe kabatini kumsubiri mdogo wake.

Rudi kituoni baada ya siku 2 au 3 kama ulivyoelekezwa, hata kama anaonekana mzima. Mhesabu kabla ya kuondoka nyumbani, uende na namba yako.

Makosa yanayoumiza watoto

La kwanza kwangu ni kukata kimio. Mtoto akikohoa muda mrefu, hasa usiku, anatokea mtu wa kusema kimio kimerefuka kinamtekenya koo, apelekwe kwa fundi. Wembe au kisu kile kimeleta kutokwa damu kusikokoma, pepopunda, usaha kooni, na maambukizi ya VVU. Watoto wamekufa. Kimio si chanzo cha kikohozi, na kukikata hakujawahi kutibu nimonia wala kifua kikuu. Ni hivyohivyo kwa kung'oa "meno ya plastiki" kwa mtoto mwenye homa: yanayotolewa ni meno halisi ambayo hayajaota.

Jambo hili mara nyingi huamuliwa na mkubwa kuliko wewe, kwa hiyo fikiria mapema utakavyosema. "Bibi, shikamoo. Nimemhesabu pumzi, zimefika hamsini na mbili. Naomba twende wote zahanati, uwasikie wenyewe." Bibi aliyepewa heshima ya kwenda naye huwa mtetezi wako. Aliyekatazwa mbele za watu ataisubiri siku utakayokuwa kazini.

Mengine nayataja kwa ufupi. Kununua vidonge vichache vya antibiotiki "tuone kwanza": dozi pungufu inawaacha bakteria sugu, na inaficha dalili mpaka ugonjwa umekomaa. Kumpa mtoto chupa mbili za dawa za kikohozi na mafua, wakati zote zina dawa ileile ndani, ikiwemo parasetamoli. Unamzidishia dozi bila kujua. Dawa za kikohozi zenye kodeini, na zile za kumlaza usingizi, hupunguza pumzi, jambo usilolitaka kabisa kwa mtoto mwenye kifua. Kumfukiza mtoto kwa sufuria la maji ya moto chini ya shuka. Majeraha ya moto yanayotokana na hilo ni mabaya kuliko mafua yaliyotibiwa. Kumpaka kichanga dawa kali ya kuchua puani au kifuani. Kumnywesha mafuta ya taa. Yakiingia kwenye mapafu yanaleta nimonia yake yenyewe, ngumu kutibu.

Rangi ya makamasi nayo imewagharimu wengi pesa. Mafua ya virusi huanza na maji meupe, yanazidi kuwa mazito, ya njano au kijani, kisha yanakauka. Huo ndio mwendo wake. Kijani peke yake hakiombi antibiotiki.

Chanjo, kwa maneno machache

Fungua kadi uangalie wiki ya 6, 10 na 14. Hapo zipo chanjo ya nimokoka, ambayo Kenya ilianza kuitoa 2011 na Tanzania kuanzia 2013, na chanjo ya pamoja inayokinga kifaduro, dondakoo na Hib, bakteria mwingine anayeleta nimonia. Ya surua huanza miezi 9, na surua ni mlango mkubwa wa nimonia. Ukikuta nafasi tupu, nenda kliniki hata kama mmechelewa. Mafua madogo hayazuii mtoto kuchanjwa.

Ukikwama

*Nimehesabu mara mbili, nimepata 48 na 52, mtoto ana miezi 8.* Hesabu mara ya tatu, akiwa ametulia zaidi. Ikiwa bado unasitasita, nenda. Safari isiyo ya lazima ni nauli tu.

*Anatoa mluzi kifuani anapotoa pumzi.* Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mara nyingi ni virusi vilivyobana njia ndogo za hewa. Kama mluzi unajirudia kila mafua, au kila penye vumbi na baridi, inaweza kuwa pumu. Aonwe, dawa ya kufungua njia ya hewa ni tofauti na antibiotiki. Kifua kikibonyea, ni dharura.

*Usiku ameamka sauti imekauka, kikohozi kinabweka kama cha mbwa.* Ni uvimbe wa njia ya juu ya hewa, mara nyingi kwa sababu ya virusi. Mkalishe wima mapajani, usimtazame koo kwa kijiko, usimlize. Akikoroma hata akiwa ametulia, ondoka sasa.

*Anakohoa mfululizo mpaka anatapika, halafu anavuta hewa kwa sauti ndefu.* Fikiria kifaduro. Mpeleke, hasa kama hajakamilisha chanjo. Kichanga mwenye kifaduro anaweza kuacha kupumua bila hata kukohoa sana.

*Kikohozi kimefika wiki mbili.* Yanaweza kuwa mabaki ya mafua, lakini apimwe kifua kikuu. Waambie kama kuna mtu nyumbani anayekohoa kwa muda mrefu, anayepungua uzito au kutoka jasho usiku. Mtoto karibu kila mara ameambukizwa na mtu mzima wa karibu. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwenye vituo vya serikali.

*Ametapika dawa.* Kama ni ndani ya nusu saa, mpe dozi nyingine. Akiitapika na hiyo, na kila kingine, hiyo ni dalili ya hatari. Rudi kituoni.

*Amekunywa antibiotiki siku mbili, hakuna nafuu.* Usiongeze dozi wala usinunue nyingine yenye nguvu. Mhesabu na umrudishe na dawa zako mkononi wazione.

*Kipimo cha malaria kimeonyesha anayo, na pumzi ni za haraka.* Anaweza kuwa na vyote viwili. Mwambie mhudumu namba uliyohesabu, ili asiishie kwenye malaria peke yake.

*Mtoto wangu wa miaka 9 ana homa, koo linauma, tezi za shingo zimevimba, lakini hana mafua wala kikohozi.* Hapo bakteria wa koo wanashukiwa zaidi kuliko virusi. Apelekwe, na akiandikiwa dawa azimalize zote, kwa sababu maambukizi hayo yakiachwa yanaweza kuharibu milango ya moyo miaka inayofuata.

*Kituoni wamesema ni mafua tu, wakanirudisha bila antibiotiki.* Kama walimhesabu pumzi na kumtazama kifua, wamekutendea haki. Kama hawakumvua hata nguo, omba kwa upole: "Daktari, naomba umhesabu pumzi, nyumbani nilipata hamsini na tano." Ni ombi la kawaida, na una haki ya kuliomba.